Kubebesha, kupanda na kutunza mlimau hadi chumo la kwanza

Mlimau unaonunuliwa kitaluni ni miti miwili katika shina moja. Chini kuna aina iliyochaguliwa kwa mizizi yake, juu kuna aina iliyochaguliwa kwa malimau yake, na katikati pana kovu pale zilipounganishwa; kuunganisha huko ndiko kubebesha. Milimau mingi inayokufa michanga haiuawi na wadudu wanaoonekana majanini. Huuawa na maji yaliyotuama shingoni, kwenye kovu hilo au chini kidogo yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini kwenda juu: shina, kovu, shimo, maji, kisha ndipo majani na matunda.

Kwanza ujue mti wenyewe

Limau, Citrus limon, si tunda la porini. Ni chotara wa danzi na Citrus medica, lile tunda kubwa la ganda nene sana lenye nyama kidogo. Danzi nalo ni chotara wa furungu na chenza. Jamii hii ilianzia kaskazini mashariki mwa India, kaskazini mwa Myanmar na kusini mwa China. Waarabu waliusambaza mlimau pande zote za Mediterania kuanzia karibu karne ya 10, na mwaka 1493 Christopher Columbus alichukua mbegu za malimau hadi kisiwa cha Hispaniola.

Mambo mawili ya asili hiyo yana kazi shambani. Mlimau hauna majira ya kulala: ukiwa na joto na maji huchipua, huchanua na kuzaa karibu mwaka mzima, hivyo hula mbolea mwaka mzima. Na kwa kuwa ni chotara, mbegu yake haiaminiki. Ndani ya mbegu moja huweza kuwamo viini kadhaa, vingine nakala ya mama, kingine mchanganyiko mpya. Mche wa mbegu pia huwa na miiba mirefu na huchukua miaka 5 hadi 7 au zaidi kabla ya kuzaa. Uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 2 au wa 3.

Maua ni meupe ndani, nje yana rangi ya zambarau. Hujichavusha yenyewe. Mengi hupukutika, mengine kwa sababu hayana sehemu ya kike kabisa, kwa hiyo usikimbilie dawa ukiona maua yametapakaa chini ya mti.

Hatua ya 1: Otesha shina la chini

Chagua kwa kuangalia udongo wako. Citrus jambhiri, limau lenye ganda gumu la mikunjo, hukua haraka, huvumilia ukame na hufaa udongo wa kichanga, ila huoza shingo kirahisi kwenye udongo mzito. Mdanzi huvumilia udongo mzito na hustahimili zaidi ugonjwa wa kuoza shingo. Poncirus trifoliata, wenye majani matatu-matatu, ni mgumu kwa baridi na kwa ugonjwa wa shingo, lakini hautaki udongo wa chokaa. Pia haupatani na limau aina ya Eureka: muungano huonekana mzuri miaka michache, kisha mti hudhoofika. Ukitaka kutumia Poncirus, juu yake weka Lisbon, aina nyingine ya limau.

Toa mbegu kwenye tunda lililokomaa, zioshe mpaka ute uishe, uzipande siku hiyohiyo. Mbegu za jamii hii zikikauka hufa. Ziweke kina cha sm 1–2 kwenye mchanga uliochanganywa na mboji laini. Katika nyuzi 25–30 za Selsiasi huota ndani ya wiki 2 hadi 4. Miche ikifika sm 10, ihamishie kwenye vifuko vyenye kina cha sm 30 hivi. Tupa midogo kupita kiasi na ile isiyofanana na wenzake, maana hiyo ndiyo michanganyiko. Wakati wa kuhamisha, mzizi mkuu ushuke wima. Mzizi uliopinda hunyonga mti miaka kadhaa baadaye, na hapo hakuna tiba.

Hatua ya 2: Bebesha jicho

Mche uko tayari shina likiwa na unene wa penseli, yaani mm 6–10, kwenye kimo cha sm 20–30 kutoka ardhini. Usibebeshe chini ya hapo hata kama shina ni nene: matone ya mvua hurusha udongo, na vijidudu vya Phytophthora vinavyoozesha shingo vimo ndani ya udongo huo.

Jaribu gome kwanza. Chanja kidogo, likibanduka kirahisi na ndani kukang'aa maji, endelea. Likigoma, mwagilia siku chache kisha urudi.

Macho, yaani vichipukizi vidogo vilivyolala pale kikonyo cha jani kinapoungana na kijiti, yatoke kwenye mti wenye afya ambao umeshazaa. Kata kijiti cha mviringo, si chipukizi changa chenye pembe-pembe. Ondoa majani lakini bakiza sm 1 ya kikonyo cha kila jani kama mshikio. Funga vijiti kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, vikae kivulini.

Kisha:

1. Pangusa kisu kwa spiriti ya asilimia 70. Rudia kila unapobadili mti unaochukulia macho, maana kisu hueneza magonjwa.
2. Chanja mstari wima wa sm 3 kwenye shina, na mstari wa kukata upana wake sm 1 hivi. Penye mvua nyingi weka huo wa upana chini, T iliyopinduliwa, ili maji yateleze badala ya kuingia.
3. Kata jicho pamoja na ganda jembamba lenye urefu wa sm 2 hivi, kwa mkato mmoja laini. Usiguse upande wa ndani.
4. Lisukume chini ya gome mpaka likae lote ndani, likitazama juu. Jicho lililopinduliwa huweza kushika, lakini chipukizi lake hutoka limepinda.
5. Funga kwa utepe wa nailoni kwa kukaza, ukifunika jicho lenyewe. Kazi yote tangu kukata jicho isizidi dakika moja hivi. Uso ukikauka hakuna kuunga.

Fungua baada ya siku 14 hadi 21. Jicho likiwa la kijani na kikonyo kikaanguka kwa kuguswa tu, limeshika. Kikonyo kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, limekufa. Bebesha upya upande wa pili.

Sasa liamshe jicho. Sm 5–10 juu yake, upande uleule lilipo, kata shina mpaka theluthi mbili ya unene wake kisha ulilaze. Majani ya sehemu iliyolazwa huendelea kulisha mizizi. Wengi hukata shina lote mara moja. Hufanikiwa, ila chipukizi hukua polepole zaidi. Chipukizi likifika sm 20–30, ondoa sehemu iliyolazwa na uufunge mche kwenye kijiti.

Hatua ya 3: Shimo, na kimo cha kovu

Pima udongo kabla ya kununua chochote. Chimba shimo la sm 30, lijaze maji, yaache yanyweke, kisha lijaze tena. Maji yasiposhuka angalau sm 2 kwa saa, usipande mlimau ndani ya ardhi hiyo. Upande juu ya tuta la sm 30–45, lenye upana wa zaidi ya mita 1. pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu wake, inayofaa ni 5.5 hadi 6.5. Nafasi kati ya mti na mti ni mita 5 hadi 7. Kwa 5 × 5 hekta moja huchukua miti 400.

Shimo la sm 60 kila upande linatosha. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza kabisa, urudishe, na uliache litulie wiki 3 au 4. Kusubiri huku watu hukuruka, na matokeo yake ni kwamba samadi huendelea kuoza, udongo hudidimia, mti hushuka nao, na kovu lililokuwa juu linajikuta limezikwa. Panda udongo wa kifuko ukiwa sm 5 juu ya usawa wa ardhi. Kovu likae angalau sm 15 juu ya udongo, siku ya kupanda na miaka yote ijayo. Kila palizi huelekea kusogeza udongo shinani, kwa hiyo kagua.

Hatua ya 4: Maji

Chimba kisahani kuzunguka mti, lakini weka kichuguu kidogo katikati ili maji yasiguse shina. Mwezi wa kwanza lita 10 kila baada ya siku 2 au 3, kisha punguza mara na ongeza kiasi. Ingiza kidole sm 5–10: pakiwa na unyevu, subiri. Mizizi mingi inayonyonya iko ndani ya sm 60 za juu na inahitaji hewa. Mti uliolegea majani huku udongo umelowa haulilii maji. Mizizi imekosa hewa au imeanza kuoza, na ukiongeza maji unaumaliza. Matandazo ya sm 5–10 husaidia sana, mradi yakae mbali na shina kwa sm 20.

Maji pia ni kifaa cha kupanga msimu. Wakulima wa Sisilia huinyima milimau maji kiangazi mpaka majani yalegee, kisha huimwagilia kwa wingi pamoja na mbolea. Mti huchanua kwa kishindo na kutoa malimau kiangazi cha mwaka unaofuata, wakati yanapoadimika. Usijaribu kwenye mti ambao haujakomaa.

Hatua ya 5: Mbolea, na kusoma majani

Mwaka wa kwanza, gramu 200 za CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni asilimia 27, ni takribani gramu 54 za naitrojeni. Zigawe mara 4, udongo ukiwa na unyevu, chini ya ukingo wa matawi na si shinani. Ongeza kiasi hichohicho kila mwaka mpaka mti uanze kuzaa vizuri, kisha uongozwe na mavuno na rangi ya majani.

Majani ya zamani yakipauka yote, naitrojeni imepungua. Yakiwa ya manjano huku pembetatu ya kijani ikibaki karibu na kikonyo, ni magnesiamu. Majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani ni upungufu wa chuma, mara nyingi kwa sababu ya udongo wa chokaa au mizizi iliyolowa. Majani machanga madogo, membamba, yenye madoa kati ya mishipa ni zinki. Hiyo hupulizwa majanini.

Upungufu wa madini huchora nusu mbili za jani kwa mfano uleule. Ukiona madoa ya manjano yasiyolingana kushoto na kulia, na matunda madogo yaliyopinda, shuku ugonjwa wa kijani. Bakteria wake huenezwa na wadudu warukao wadogo: Diaphorina citri, na Trioza erytreae ambaye hupendelea maeneo ya baridi zaidi. Hauna tiba. Mti ung'olewe, hata kama bado unazaa.

Kupogoa na kulinda

Punguza mche kwenye kimo cha sm 60–75, bakiza matawi makuu 3 au 4 yanayotazama pande tofauti. Kila chipukizi linalotoka chini ya kovu ling'oe likiwa changa. Ukiliachia, litazidi nguvu sehemu ya juu, nawe utakuwa unatunza mti wa shina la chini. Baada ya hapo pogoa kidogo tu: matawi makavu, yanayosuguana, na yanayogusa ardhi. Gome lililoanikwa ghafla juani huungua, basi lipake rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu.

Mistari ya fedha inayozunguka-zunguka kwenye majani machanga ni ya kiwavi mchimba majani, Phyllocnistis citrella. Kwenye mti mkubwa mwachie. Kwenye mche ondoa machipukizi yaliyoathirika vibaya, na usiulazimishe kuchipua kwa mbolea nyingi. Masizi meusi majanini hukaa juu ya utamu unaotolewa na vidukari au wadudu magamba, nao hulindwa na sisimizi. Wazuie sisimizi kwa utepe wenye gundi uliozungushwa shinani, na wadudu rafiki watafanya mengi yaliyobaki. Gundi ikitoka kwenye gome karibu na ardhi, fukua shingo mpaka mizizi ya kwanza, kwangua gome lililooza hadi penye uzima, pakauke, na uondoe chanzo cha maji.

Kuvuna

Tangu ua hadi tunda ni miezi 6 hadi 9. Usingoje manjano: rangi hiyo huletwa na usiku wa baridi, na penye joto daima limau lililojaa maji hubaki kijani. Pima kipenyo, sm 5–6, kisha kata mawili matatu uone maji yake. Likishachumwa haliongezi maji wala ladha.

Kata kwa mkasi, usivute. Kuvuta hung'oa kitufe cha kikonyoni na kufungua njia ya ukungu wa kijani, Penicillium digitatum. Usichume asubuhi kwenye umande au baada ya mvua. Wakati huo vifuko vya mafuta ya ganda vimejaa pomoni, hupasuka kwa kushikwa tu, na mafuta yake huchoma ganda na kuacha madoa ya kahawia siku chache baadaye. Hifadhi kwenye nyuzi 10–13 penye unyevu mwingi. Chini ya nyuzi 10 kwa muda mrefu ganda huingia vishimo, na baridi kali ya friji ya nyumbani inafaa kwa wiki chache tu.