Twiga wa mjakaranda: kazi ya kwanza ya mwaka kwenye msumeno wa skroli

Ni Njaanuari, Krismasi imeshakula kilichokuwepo, na karo na sare mpya vinangoja. Kwa hivyo kazi yangu ya kwanza ya mwaka huwa inatoka kwenye mabaki ya mbao, huwa ndogo ya kumalizika wikendi moja, na lazima iwe na mwenyewe anayeingoja. Mwaka huu mwenyewe ni binti ya kaka yangu anayeanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Nimemkatia twiga wa vipande sita kwa msumeno wa skroli, ile mashine ya mezani yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka. Anasimama mezani kwa miguu yake, na mtoto anaweza kumbomoa na kumjenga upya apendavyo.

Nitakueleza nilivyomkata ili nawe umkate. Lakini shika jambo moja kabla hatujafika kwenye mashine: nyuzi za mbao ndizo zinazoamua kazi hii. Wengi huanza na picha nzuri, wakaibandika popote penye nafasi kwenye ubao, kisha wanashangaa sikio likidondoka wakati wa kupiga msasa. Mimi naushika ubao kwanza, naugeuza mpaka nione nyuzi zinaelekea wapi, halafu ndipo nachukua penseli.

Mbao yenyewe ni mjakaranda. Wachongaji wa Gikomba, Nairobi, huutumia sana tangu mpingo ulipoadimika, pamoja na mwarobaini na mwembe, na pembeni mwa kila mchongaji kuna rundo la vipande ambavyo haviwatoshi kwa kinyago. Nilipookota changu, mzee mwenyewe alinitazama kwa huruma. "Mama, hiyo ni ya kuwashia jiko." Nikamwambia, "Mzee, hiyo ndiyo niliyoijia." Akaniuzia kwa bei ya kuni.

Mjakaranda ni mweupe, kwa hiyo mstari unaonekana vizuri. Ni mwepesi, na haugombani na bledi. Saipresi ya yadi za mbao ni rahisi kupata, ila vifundo vyake ni vigumu kuliko mbao inayovizunguka, na bledi ikivifikia huyumba. Mvule ni mbao nzuri ya milango, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na kwa kitu cha mtoto siugusi. Ukikosa mjakaranda, tafuta mgrevilea uliokauka.

Unene uwe kama milimita 20, yaani ubao wa inchi moja uliokwisha kupigwa randa. Chini ya hapo twiga hasimami vizuri. Hakikisha ubao umekauka: uweke shavuni, na ukihisi ubaridi kuliko mbao nyingine zilizo hapo hapo, bado una maji. Upande wa uso upige msasa sasa hivi, ungali ubao mzima, maana baadaye utakuwa unahangaika na vipande vidogo.

Sasa mchoro. Twiga wangu ana urefu wa sentimita 24 na upana wa 14, na nyuzi za mbao zinakwenda wima, kutoka kwato hadi pembe. Hilo halina mjadala. Miguu na shingo ndizo sehemu nyembamba na ndefu, na mbao iliyokatwa nyembamba kukingama nyuzi huvunjika kwa kidole cha mtoto. Miguu nimechora miwili tu, wa mbele na wa nyuma, kila mmoja na upana wa milimita 20. Mkia nimeushikanisha na paja, haukuachwa unaning'inia. Pembe zinaelekea juu, sawa na nyuzi, kwa hiyo ni imara. Masikio ndiyo yenye hatari, kwa sababu twiga huyatandaza kando. Mimi nimeyalaza, yakaelekea nyuma na kushuka yakigusana na shingo. Hakuna mtoto atakayelalamika.

Vipande ni hivi: kichwa, shingo ya juu, shingo ya chini, kifua pamoja na mguu wa mbele, tumbo, na sehemu ya nyuma pamoja na mguu wake na mkia. Kila kimoja kinashikana na mwenzake kwa kifundo, yaani kichwa cha mviringo chenye shingo nyembamba kinachoingia katika tundu la umbo hilo hilo. Hapa nyuzi zinadai haki yao tena. Vifundo vya shingoni vinaelekea juu, vinafuata nyuzi, na shingo ya kifundo ya milimita 6 inatosha. Vifundo vya tumboni vinaelekea ubavuni, vinakingama nyuzi, na hivyo nimevinenepesha mpaka milimita 10. Ukivichora vyote sawa kwa ajili ya urembo, vya tumboni vitakatika.

Kama una nafasi, nenda Lang'ata kwenye Kituo cha Twiga ukaangalie kabla ya kuchora. Wale ni twiga wa Rothschild: madoa yao yana kingo safi, na kuanzia magotini kushuka miguu ni mieupe mitupu. Wa ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi ni twiga wa Kimasai, wenye madoa yaliyochanika kingo hadi chini miguuni. Kwa kuanzia nilichagua wa Lang'ata, kwa sababu madoa yake ni rahisi kuchora na miguu haihitaji kupakwa chochote.

Kabla ya kubandika mchoro, funika uso wa ubao kwa ile selotepu pana inayong'aa ya kufungia maboksi, halafu mchoro wa karatasi uubandike juu yake kwa gundi ya fimbo. Selotepu hupunguza joto la bledi, mkato usiungue ukawa mweusi. Na kazi ikiisha, karatasi inatoka yote kwa mvuto mmoja.

Tuje kwenye mashine. Ukinunua ya mtumba, geuza usome kibati chake kabla hujatoa pesa. Nyingi zinazotoka Marekani ni za volti 120, na stima yetu ni 240. Ukiichomeka hivi hivi mota inaungua hapo hapo. Ama ununue na transfoma yenye nguvu ya kutosha, ama uiache. Angalia pia inavyoshika bledi. Zipo zinazotaka bledi zenye vipini vidogo miishoni, na zipo zinazobana bledi tupu. Chukua zinazobana, kwa sababu bledi nyembamba nzuri karibu zote hazina vipini.

Bledi ina urefu wa inchi 5. Kwa kazi hii natumia namba 5 shingoni na kichwani, na namba 7 tumboni; sababu ya kubadilisha utaiona mwishoni. Chagua zile ambazo meno machache ya chini yamegeuzwa kuangalia juu, zinaacha upande wa chini wa mbao ukiwa safi. Meno mengine yote yaangalie chini, kuelekea meza ya mashine. Yakiangalia juu, mbao itarukaruka mikononi mwako. Kaza bledi mpaka ukiidonoa kwa ukucha itoe sauti nyembamba safi kama uzi wa gitaa. Ikitoa mlio mzito uliolegea, ongeza mkazo.

Kisha pima kama bledi iko wima kabisa juu ya meza, na hapa usikimbie. Chukua kipande cha mbao nene, kikate kidogo tu pembeni, kama milimita 2, uzime mashine. Kizungushe kipande hicho bila kukiinua kwenye meza, ukipeleke nyuma ya bledi, ujaribu kuuingiza mgongo wa bledi katika mkato ule ule. Ukiingia bila kubishana, meza iko sawa. Ukigoma, meza imelala upande: irekebishe kidogo kidogo na ukate tena. Meza ikilala hata kidogo, vipande vya twiga vitatoka upande mmoja tu, wa juu au wa chini, na mtoto atavuta upande usiofaa mpaka kifundo kivunjike.

Vaa miwani na barakoa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na msumeno huu hutoa vumbi laini kabisa linaloelea. Mimi nafanyia kazi kwenye veranda ya ploti, kwa hiyo naangalia kwanza kama majirani wameanika nguo. Zikiwa kwenye kamba, nasubiri zianuliwe.

Anza na nafasi iliyo kati ya miguu. Ubao ukiwa bado mzima una pa kushika, na miguu inalindwa na mbao inayoizunguka. Ndipo uzunguke umbo la nje, ukianzia kwato za nyuma, mgongo, shingo, kichwa, ushuke kifuani. Tundu la jicho litoboe kwa drili ya milimita 3 kabla hujatenganisha kichwa. Vipande vikate mwisho, kuanzia kichwani kushuka.

Usisukume mbao. Iongoze, na bledi iile kwa kasi yake. Utagundua kwamba ukienda moja kwa moja mkato unahamia kando: bledi nyingi huwa kali zaidi upande mmoja kutokana na zinavyotengenezwa. Jaribu kwenye kipande cha kutupa, uone unapaswa kuinamisha mbao kiasi gani ili mstari unyooke, na mikono itazoea. Kwenye kona kali ya kifundo, acha kwenda mbele, lemeza mbao taratibu kwenye mgongo wa bledi ambako hakuna meno, uizungushe hapo hapo, halafu uendelee. Vidole vikae pembeni ya njia ya bledi, kamwe visikae mbele yake.

Ukiona unalazimika kulemea, au mkato unaanza kunuka moshi, bledi imekwisha. Ibadilishe. Bledi butu ndiyo inayoharibu mstari.

Na stima ikipotea katikati ya mkato, kama inavyopenda, zima swichi kwanza, maana itarudi bila kubisha hodi. Usiivute mbao kurudi nyuma kwa nguvu. Legeza mkazo, fungua bledi upande wa juu, uitelezeshe mbao itoke. Mstari utaufuata tena baadaye kama hakikutokea kitu.

Vipande vikishatoka, jaribu kila kifundo: kiingie na kutoka kwa juu na kwa chini, bila kupigwa. Kisha msasa wa 150, ukifuatiwa na 220, kwa kufuata nyuzi. Lainisha kingo ziwe za mviringo kidogo, lakini nyuso zinazoshikana usiziguse zaidi ya kupangusa, la sivyo twiga atalegea na kudondoka akiinuliwa.

Madoa nimepaka kwa kahawa nzito iliyochemshwa mpaka ikabaki kidogo. Kahawa hupenda kukimbia kwenye nyuzi, kwenda juu na chini ya doa. Kwa hiyo kata mzunguko wa kila doa kwa ncha ya kisu kikali, juu juu tu, ndipo upake ndani kwa brashi ndogo isiyolowa sana. Rangi itasimama kwenye mkato huo.

Kwa kung'arisha, chemist yoyote huuza likwidi parafini, ile anayokunywa mtu aliyefunga choo. Ndiyo hiyo, wala si mafuta ya taa. Ukimtuma mtu dukani mwambie hivyo waziwazi. Changanya sehemu 4 za mafuta hayo na sehemu 1 ya nta ya nyuki, ndani ya kopo lililosimamishwa kwenye sufuria ya maji moto, usiliweke kwenye moto wenyewe. Ikipoa ipake kwa kitambaa, iache usiku kucha, halafu usugue.

Kabla hujampa mtoto, chukua lile bomba la katikati ya karatasi ya choo. Kipande kinachoweza kupita ndani yake ni kidogo mno kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3. Mpwa wangu ni mkubwa, lakini mdogo wake bado anatambaa na kutia kila kitu kinywani, ndiyo maana kichwa cha twiga nilikichora kipana, pembe na masikio vikiwa humo humo.

Sasa ile sababu ya bledi namba 7 tumboni. Januari Nairobi ni kavu, na mbao inakuwa imesinyaa. Mvua ndefu zikifika Machi hadi Mei, mbao itavuta unyevu na kuvimba, na huvimba kwa kukingama nyuzi. Kwa urefu wa nyuzi haibadiliki sana. Kwa hiyo viungo vinaweza kubana, na mimi nahofia zaidi vya tumboni. Namba 7 ni nene kidogo kuliko namba 5 na huacha nafasi zaidi. Hata hivyo, mtoto akikuletea twiga mwezi wa Aprili akilalamika kwamba tumbo halitoki, usikimbilie msasa. Paka nta kidogo kwenye kiungo hicho, uache mpaka hewa ikauke tena, mbao irudi yenyewe. Ukikwangua sasa, Januari ijayo tumbo litakuwa linacheza.