Kuhesabu tembo wa mpakani: Kenya na Tanzania zikiruka siku moja

Sensa ya tembo wa Amboseli ikiishia mpakani hutoa namba isiyomsaidia mtu. Leo kundi liko kwenye vinamasi vya Amboseli, keshokutwa limo Enduimet, chini ya Kilimanjaro upande wa Tanzania. Kila nchi ikihesabu kwa wiki yake, kundi lile lile litaandikwa mara mbili au lisiandikwe kabisa. Mwongozo huu ni wa sensa kamili kwa ndege ndogo, ile ya kumtafuta kila tembo, si ya sampuli.

Fomu iwe moja. Mkenya akiandika ndovu na Mtanzania akiandika tembo hakuna kilichoharibika (ingawa tembo kwa watu wa pwani ni cha kunywa pia). Kinachoharibu ni neno "ndama". Timu moja huhesabu wa chini ya mwaka, nyingine kila aliye mdogo kuliko mama yake, na mwishoni mnadhani upande mmoja tembo wanazaana zaidi. Andikeni maana yake juu ya fomu yenyewe.

Vipimo vya ramani vina mitego miwili. Ramani za zamani za mandhari za nchi zote mbili zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, ilhali jipiesi kwa kawaida husoma WGS84, mfumo wa dunia nzima. Kwetu tofauti ni kama mita 300, na inatosha kulihamisha kundi kutoka kitalu kimoja (kipande cha eneo kinachohesabiwa na ndege moja) hadi kingine. Mtego wa pili ni nyuzi 36 mashariki, mstari unaopita karibu na Ziwa Natron. Hapo ndipo kanda ya 36 ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda, inapokutana na ya 37, na kitalu kilichokatwa na mstari huo kikisomwa kwa kanda moja, baadhi ya makundi hutupwa mamia ya kilomita kando. Tumieni nyuzi za desimali, WGS84, ndege zote.

Mpaka wa nchi usiwe ukingo wa kitalu. Kwenye ramani ni mstari ulionyooka. Kutoka angani rubani haoni chochote. Chagueni barabara, mto au mgongo wa kilima. Ukubwa wa kitalu ni hesabu rahisi: kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na mistari ya kuruka iliyoachana kilomita 1, ndege hupitia kilomita za mraba 150 kwa saa kabla ya kutoa muda wa kugeuka na kuzunguka. Asubuhi ya saa nne za kuruka ni kama 500. Penye vichaka vizito mistari iachane mita 500, na eneo linapungua nusu. Anayepanga 1,000 kwa siku atarudishiwa fomu zenye tembo wachache, ingawa wengine walikuwepo.

Vibali vianze miezi mitatu kabla. Ndege ya 5Y (usajili wa Kenya) kuingia Tanzania, au ya 5H (usajili wa Tanzania) kuingia Kenya, inahitaji idhini ya mamlaka za usafiri wa anga na ya jeshi, na kwa kawaida iguse kwanza kiwanja chenye forodha na uhamiaji, kama Kilimanjaro. Omba pia kwa namba ya ndege ya akiba, kwa sababu kibali hufuata namba ya usajili: ndege ikiharibika siku moja kabla, iliyoletwa badala yake hairuki. Na kila ndege ibebe angalau mtazamaji mmoja wa nchi ya pili. Huyo humaliza ubishi mwingi wa baadaye.

Ruka saa 12:30 asubuhi, maliza saa 4:30. Baada ya hapo hewa inarusharusha ndege na tembo wameingia chini ya migunga. Kimo ni futi 300 hadi 400. Mbele akae rubani na mwandishi, nyuma watazamaji wawili, na mfuko wa kutapikia uwe mkononi, si ndani ya begi. Kundi likizidi 10, zunguka upige picha, lakini mizunguko miwili inatosha. Wa tatu hulitimua kundi hadi kitalu cha jirani. Mstari mzuri wa fomu unasomeka hivi: "saa 1:42, nukta 087, tembo 14, ndama 3, picha 231–236."

Arifuni lodge mapema, maana ndege za watalii na maputo hutumia anga hiyo hiyo alfajiri.

Kila ndege ipitilize mstari mmoja ndani ya kitalu cha jirani. Jioni fomu mbili ziwekwe sambamba. Tuseme ndege A iliona 14 wenye ndama 3 saa 1:42, na B ikaona 14 wenye ndama 3 saa 2:20, kilomita 2 kutoka hapo. Tembo hutembea kilomita 4 au 5 kwa saa bila haraka, basi ni kundi moja: futa moja, andika sababu. Picha zikionyesha ndama wa kimo tofauti, acha yote mawili.

Mizoga ihesabiwe kwa umri wa aina nne: yenye nyama na tumbusi, yenye ngozi na doa lililoua majani, mifupa mieupe ambayo doa lake limeanza kuota, na mifupa ya kijivu iliyopasuka. Gawanya mizoga kwa jumla ya mizoga na walio hai. Mizoga 20 na hai 180 ni asilimia 10, na ikizidi 8 wataalamu huona dalili kwamba wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa. Timu moja ikiacha kuhesabu aina ya nne, uwiano wa pande mbili haulinganishiki tena.

Mvutano wa 2023 na 2024 kuhusu kuwindwa kwa madume makubwa upande wa Tanzania ulionyesha jinsi namba zinavyogombaniwa. Kwa hiyo fomu ghafi zisainiwe na pande zote kambini, kabla rubani wa kwanza hajaondoka, na nakala ziende mbili usiku huo huo: moja TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Tanzania, Arusha, nyingine taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Kenya, Naivasha.