Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya Breki za Trela ya Boti

Trela ya boti huzamishwa majini karibu kila safari, na hapa mwambaoni maji hayo ni ya chumvi. Kwa hiyo breki zikikataa, usikimbilie kununua masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) mpya kabla ya kujua kutu imeshika wapi. Maelezo haya yanahusu breki za mafuta zinazofanya kazi kwa msukumo: gari linapopunguza mwendo, trela huendelea kusukuma mbele, kichwa chake, yaani sehemu inayoungana na gari, huteleza kurudi nyuma na kubonyeza masta silinda.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Endesha kilomita chache, funga breki mara kadhaa, simama mahali tambarare, kisha usogeze kiganja karibu na kila gurudumu, katikati, bila kuligusa, kwa sababu chuma hicho huweza kuunguza. Gurudumu lililo baridi ilhali mengine yana joto, breki yake haishiki. Linalofukuta kuliko yote, ama breki yake haiachii, ama beringi imeharibika. Ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili, zuia magurudumu mengine kwa magogo, piga jeki, weka stendi chini ya fremu, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa zito bila kukwaruza, shuku breki; likikwaruza, au likicheza ukilitikisa juu na chini, shuku beringi, na ukikuta grisi imekuwa nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia.

Breki isiyoachia huwa na sababu mbili kuu, na mafundi wengi huzichanganya. Legeza kidogo skrubu ya kutolea upepo ya gurudumu hilo: likiachia papo hapo, mafuta yalikuwa yamezuiwa kurudi, mara nyingi na hosi ya mpira iliyovimba kwa ndani; lisipoachia, pistoni imekwama kwa kutu.

Magurudumu yote yakiwa baridi, tatizo liko mbele. Hakikisha kichwa cha trela kinateleza bila kukwama, kisafishe na kukipaka grisi, ndipo uangalie mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu, na yakiwa yamegeuka rangi ya kahawia yabadilishe yote kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mpaka mafuta yatoke bila mapovu, na usiruhusu chupa ya mafuta ya breki ikauke katikati ya kazi.

Kama trela inajifunga unaporudi nyuma, usifungue gurudumu lolote kwanza. Trela nyingi za breki za diski zina vali ya umeme inayozuia mafuta wakati wa rivasi, na umeme wake hutoka kwenye waya wa taa za rivasi za gari. Washa swichi, weka gia ya rivasi, kisha pima waya huo kwa taa ya majaribio hadi kwenye vali yenyewe. Kutu ndani ya plagi ndiyo ninayoishuku kwanza.

Baada ya matengenezo, ijaribu trela kwa mwendo mdogo kwenye uwanja mtupu. Kila utokapo baharini, suuza breki kwa maji yasiyo na chumvi, na unapoiegesha tumia magogo badala ya breki ya mkono, kwa kuwa pedi zilizobanwa zikiwa na unyevu hugandana na diski.