Jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kiingereza mpaka lilikotoka

Watu wengi wakiambiwa Smith maana yake mhunzi wanaona kazi imeisha, kumbe hapo bado hujajua chochote kuhusu ukoo wenyewe. Chukua Walker, Fuller na Tucker. Yote matatu ni kazi ileile, mtu wa kukanyagakanyaga kitambaa cha sufu kikiwa kimelowa, zamani hata kwa mkojo uliochacha, mpaka kisafike na kushikamana vizuri. Tofauti ni mahali tu: kaskazini mwa England walimuita Walker, kusini na mashariki Fuller, kusini magharibi huko Devon na Somerset akawa Tucker. Mimi hii napenda sana, maana jina moja linakupa kazi na pia linakuonyesha upande wa kuanza kutafuta.

Ila usianzie huko zamani! Anza na babu au bibi unayemjua kwa uhakika halafu rudi nyuma hatua moja moja, mtoto kwa mzazi, ukiruka hata kizazi kimoja unaweza kujikuta unafuatilia ukoo wa watu wengine kabisa na hutajua.

Sensa ya karibuni iliyo wazi kwa England na Wales ni ya 1921 (ya 1931 iliungua yote 1942, ya 1941 haikufanyika sababu ya vita), toka hapo unashuka kila miaka kumi mpaka 1841. Ya 1851 ni tamu kwa sababu inataja parokia mtu aliyozaliwa, wakati ile ya 1841 inasema tu kama alizaliwa kaunti hiyohiyo au la, na umri wa watu wazima walikuwa wanaupunguza mpaka namba ya chini inayogawanyika kwa tano, yaani mwenye 34 anaandikwa 30, kwa hiyo usishtuke hesabu zikigoma. Vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na vifo vilianza Julai 1837.

Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa, ambavyo Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza viandikwe 1538, japo sehemu nyingi vya mwanzo vimepotea. Hapa kuwa makini na tarehe, maana mpaka 1752 mwaka England ulikuwa unaanza 25 Machi, kwa hiyo mtoto aliyeandikwa kabatizwa Februari 1700, kwa hesabu yetu ni Februari 1701, na kuna watu wameona mtoto kabatizwa kabla wazazi hawajaoana wakapaniki bure.

Spelingi nayo usiikomalie, karani aliandika alivyosikia, kwa hiyo tafuta Tucker na Tooker, Walker na Walkere. Shakespeare mwenyewe jina lake liliandikwa kwa namna kibao.

Ukifika miaka ya 1300 hivi ndo unakutana na orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381, na wakati huo majina yalikuwa bado yanaganda, mtu angeweza kuitwa Walker kwa sababu kweli anakanyaga vitambaa, ila ikifika 1400 na kitu wengi washaanza kurithi tu, mwenye jina anaweza kuwa mkulima.

Na ukikutana na mtu anauza nembo ya ukoo wa Walker, weka hela yako mfukoni. England nembo hupewa mtu na uzao wake, siyo jina, na wanaotunza kumbukumbu hizo ni College of Arms, ofisi rasmi ya nembo pale London.