Katuni ya kejeli ya staa: sekunde 30 kwa wiki moja

Anza na tabia, sura baadaye. Chagua jambo moja ambalo staa hulifanya hadharani, ulikuze mpaka lipite kiasi. Yule wa Bongo Fleva anayetangaza mradi mpya kila wiki, mlete Dodoma afungue kiwanda cha mvinyo huku hajui mzabibu ukoje, na muuza zabibu wa barabarani amsahihishe. Ugonjwa, watoto na ugomvi wa ndani ambao hakuutangaza mwenyewe, achana navyo: mtazamaji ataacha kumcheka, ataanza kumhurumia.

Maneno yasizidi 60. Rekodi sauti kabla ya kuchora, la sivyo midomo haitafuata maneno. Upepo wa Dodoma hupiga mabati na kuingia kwenye maiki, kwa hiyo rekodi alfajiri, chumbani, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani. Usiige sauti nzima ya staa. Shika kicheko chake au neno analolirudiarudia.

Kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 24 kwa sekunde, sekunde 30 ni fremu 720. Ukishikilia kila mchoro fremu mbili, inabaki michoro 360, bado mingi mno kwa mtu mmoja. Tengeneza mwanasesere wa vipande: kichwa, kiwiliwili, miguu, mikono yenye viungo begani na kwenye kiwiko. South Park, katuni ya kejeli ya Marekani, ilianza 1997 kwa karatasi zilizokatwa, ikahamia kompyuta na kubaki na mwonekano uleule. Wepesi huo umewawezesha watengenezaji wake kumaliza kipindi kwa siku sita, habari ya staa ikiwa bado ya moto. Krita na Blender, programu za kuchora na kutengeneza katuni kwenye kompyuta, ni za bure na zinatosha.

Midomo saba inatosha: a, e, i, o, u, uliofumbwa wa m, b na p, na wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, basi fuata irabu. Chati za midomo za Kiingereza zitakupotosha. Mdomo utangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Ukichelewa, jicho hugundua papo hapo.

Mwanzoni andika kuwa ni kejeli, sauti zimeigizwa, na ni ya wenye miaka 18 na kuendelea. Usiige nembo ya kituo cha habari. Kipande kikikatwa na kurushwa WhatsApp bila mwanzo wake, watu hudhani ni habari ya kweli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo. Neno KEJELI likae kwenye kona muda wote, karibu na uso wa staa, mahali ambapo mkataji hawezi kuliondoa bila kumwondoa na yeye.