Kutafsiri "bleak" bila kukimbilia "huzuni"

Kabla hujaandika neno, tazama bleak ya Kiingereza inaeleza nini: mahali, hewa, mambo yajayo au uso wa mtu. Asili yake ni lugha ya kale ya Skandinavia, kwa maana ya "iliyopauka", na kupauka huko bado kumo: kitu kimevuliwa rangi, joto na kinga. Huzuni ni ya anayetazama, si ya kitu chenyewe.

Mahali ndipo penye kazi. Chukua hoteli ya ufuoni Nyali mwezi Mei, wageni wameshaondoka: viti vya kulalia vimerundikwa, bwawa halina maji, makuti yanapigwa na kusi. Hapo "ukiwa" linakaa barabara: "hoteli imeingia ukiwa." Usiandike "mahame"; mahame ni pale watu walipohama wasirudi, nayo hoteli itafunguliwa Julai. Wala usianze sentensi na "Ukiwa". Msomaji atalichukua kama la "ukiwa nyumbani", afike katikati ndipo arudi mwanzo. Litangulizie kitenzi: pana ukiwa, umetanda ukiwa.

Ikiwa ni nyanda za juu za kaskazini mwa Uingereza, "jangwa" litakuharibia. Msomaji wa Mombasa ataona jua la Nyika ya Taru, kumbe mwandishi ana baridi na upepo. "Kipupwe" nacho hakifai, kwetu hicho ni nafuu ya joto. Kubali kutumia maneno mengi: "uwanda mtupu, upepo wa baridi, hapana hata mti wa kujibanza."

Habari za uchumi ni nyepesi, ila watu huzidisha chumvi. Bleak haijafunga mlango, kwa hiyo "matumaini ni finyu" au "dalili si nzuri" yatosha; "hakuna matumaini" ni hukumu ya mwisho. "Mustakabali mweusi" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Uso: "umesawijika". Basi.

Na ukilikuta kwenye maandishi ya uvuvi wa mito ya Ulaya, simama kwanza. Bleak ni samaki pia, mdogo, wa rangi ya fedha, kwa jina la kitaalamu Alburnus alburnus. Liache jina lilivyo, utangulize "samaki wa maji baridi aitwaye".