Namna ya kuchaji haibridi ya plagini ukiwa safarini Mbeya, Njombe na Iringa

Wadau wenye plagini, yaani gari ya petroli na umeme ambayo betri yake unaichaji kwenye soketi, kama Outlander PHEV, Prius PHV na hizi za Kichina zinazoanza kuonekana mjini, swali mnaloniuliza sana gereji ni hili, nikitoka nje ya nyumba yangu nachaji wapi na nachajije. Nafanya kazi ya umeme wa magari hapa Mbeya na mwenyewe natembelea plagini njia ya Makambako mpaka Iringa, na ile ya Tukuyu, kwahiyo nawaandikia vile ninavyofanya mimi barabarani.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Huku kwetu unapochaji ukiwa safarini, mara nyingi ni kwenye soketi ya mtu: loji, gereji, sheli, au nyumba ya wageni ya kanisa. Hiyo soketi iliwekwa kwa ajili ya kuchaji simu na kupigia pasi, sasa wewe unataka ivute mzigo mkubwa masaa matano bila kupumzika, usiku, watu wamelala ndani. Ndo maana sehemu kubwa ya huu mwongozo ni kuhusu soketi. Na kumbuka una tenki la petroli, gari yako haitakwama kwa kukosa umeme, kwahiyo soketi ikikutia wasiwasi unaiacha unaendelea na safari, usilazimishe hata siku moja.

Hatua ya 1: Jua tundu la gari yako

Fungua mfuniko wa kuchajia uangalie. Gari za Japan karibu zote zina Taipu 1, tundu la duara lenye pini tano. Outlander nyingi pembeni yake zina tundu lingine kubwa, hilo ni CHAdeMO la kuchaji haraka. Gari iliyotoka Ulaya au Uingereza mara nyingi inakuwa na Taipu 2 (ila Outlander ya kwanza hata ya huko ina Taipu 1), pini saba na juu pamekatwa bapa. Za soko la China zina GB/T, nayo ina pini saba na kwa haraka unaweza ukaichanganya na Taipu 2 ila haziingiliani kabisa. Piga picha tundu lako ukae nayo kwenye simu, ukipiga simu kuulizia sehemu watumie ile picha, mtaelewana haraka kuliko kueleza kwa mdomo.

Alafu jua gari yako inapokea kiasi gani. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, kile kiboksi cha kwenye waya kazi yake ni kulinda na kuiambia gari ivute ampea ngapi. Outlander ya kwanza ina betri ya uniti 12 na zile za kuanzia 2018 mpaka 2021 uniti 13.8, na kwa umeme wa kawaida haivuti zaidi ya kilowati 3.7. Prius PHV ya 2012 ina betri ya uniti 4.4 tu, ile iliyofuata ina 8.8. Ukishajua hizi namba hesabu zote za huko mbele zinakuwa rahisi.

Hatua ya 2: Waya wa kusafiria

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo panapoharibika. Gari ikitoka Japan inakuja na waya wa Japan, na Japan umeme wao ni volti 100 na 200 wakati sisi ni 230. Geuza kile kiboksi usome lebo. Ikiwa imeandikwa 100V peke yake usiichomeke kwetu, utaiua papo hapo. Ikiwa 200V ni kwamba haikutengenezewa 230 yetu, na juu ya hapo nyingi zinavuta ampea 15 na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu, sasa fundi anakata ile plagi anafunga plagi ya pini tatu ya kawaida ya ampea 13 anakuambia tayari mkuu. Si tayari. Plagi ya 13 ukiivutisha 15 usiku kucha inayeyuka, nimefungua nyingi za namna hiyo, unakuta pini ya laini (ile inayoleta umeme) imekuwa ya kahawia, plastiki imelainika na fyuzi ya ndani imeungua kichwani.

Nunua waya wa 230V wenye kichwa kinachoingia kwenye gari yako na wenye kitufe cha kuchagua ampea, 6, 8, 10 na kuendelea. Huo ndo wa kuweka kwenye buti. Kwenye soketi ya mtu usivuke ampea 10 hata kama imeandikwa 13, na jengo likiwa la zamani weka 6 au 8. Ampea 10 mara volti 230 ni wati 2,300, yaani uniti 2.3 kwa saa, Outlander iliyokwisha kabisa itakula kama masaa matano au sita. Ukifika saa mbili usiku asubuhi imejaa, haraka ya nini.

Hatua ya 3: Omba, na mpatane bei kabla

Usichomeke kimyakimya kwa sababu umelipia chumba. Muone mwenye nyumba mwenyewe, mhudumu wa mapokezi hana mamlaka ya luku ya bosi wake. Mimi huwa naanza hivi:

"Shikamoo mama. Gari yangu inatumia petroli na umeme, naomba niichaji hapo nje usiku, nitalipia umeme wake."

"Marahaba mwanangu. Haitanimalizia luku?"

"Itakula kama uniti kumi mama. Twende tukasome mita sasa hivi, na asubuhi tusome tena."

Wasiwasi wa luku ni wa haki kabisa. Gesti ndogo nyingine ziko kwenye lile kundi la matumizi madogo, D1, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi mpaka uniti 75 kwa mwezi, ukivuka hapo inaruka 350. Uniti zako kumi zinaweza kumvusha. Walio kundi la kawaida la T1 ni 292 kabla ya kodi, ukiweka kodi na tozo zote inafika kama 350 na kidogo. Kwahiyo mimi natoa shilingi 500 kwa uniti popote pale, namlipa mwenye nyumba mkononi au kwenye simu yake, uniti kumi ni elfu tano na bado hujafika bei ya lita mbili za petroli. Ukimpunja leo, kesho mwenzako mwenye plagini akifika pale atafukuzwa.

Kama mita inatumiwa na nyumba nzima huwezi kujua zako ni ngapi, piga hesabu ya masaa: masaa manne kwa ampea 10 ni uniti 9 na kidogo, zungusha juu iwe 10.

Na muulize kuhusu maji ya moto. Huku kwenye baridi, Njombe, Mafinga, Makete, loji nyingi bafuni wamefunga zile shawa za umeme, moja tu inavuta wati elfu tano na zaidi. Saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri wageni wote wanaoga, ukiwa umechomeka na wewe main swichi inaweza kukata jengo zima. Anza saa nne usiku watu wakishaoga, gari nyingi zina taima ndani, iweke imalize kabla ya saa kumi na moja.

Hatua ya 4: Kagua soketi

Nenda na tochi. Angalia uso wa soketi, ikiwa na weusi au mabadiliko ya rangi kwenye matundu, au inacheza ukutani, iache. Chomeka plagi uisikie, inatakiwa iingie kwa kubana, ikiingia kirahisi kama inaelea basi vile vyuma vya ndani vimelegea na palipolegea ndipo moto unapoanzia.

Kisha ethi, ule waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Nunua tesita ndogo ya pini tatu yenye taa, iko kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme, unachomeka taa zinakuonyesha kama kuna ethi na kama laini na nyutro (waya wa kurudishia umeme) hazijageuzwa. Nyumba nyingi za zamani fimbo ya ethi haipo kabisa au ilishaoza. Waya wako ukiwa mzuri utagoma wenyewe, utawasha taa nyekundu, na hapo ndo atatokea mtu wa kukusaidia akuambie tuunganishe ethi na nyutro ndani ya soketi itakubali tu. Itakubali kweli. Lakini siku ile nyutro ikikatika huko nje, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme, na mtoto akija kugusa mlango amesimama kwenye tope la Mbeya la mwezi wa tatu anakufa. Mkatalie kabisa, lala, kesho utaendesha kwa petroli.

Eksitensheni, ikibidi, iwe na waya mnene wa milimita 2.5 na tundu moja, na kama ni ya kuzungushwa kwenye roli ifungue yote mpaka mwisho, ikibaki imejiviringisha inapika ndani. Zile nyeupe za kuchomekea tivii na redio usizitumie. Mahali zinapokutana plagi mbili panyanyuliwe juu ya kiti au paning'inizwe chini ya paa, pasikae kwenye majani.

Umeme ukikatika wakawasha jenereta, chomoa. Jenereta nyingi ndogo hazina ethi ya kueleweka, na unachoma petroli yao kufanya kazi ambayo injini yako ingeifanya mwenyewe.

Hatua ya 5: Kuchomeka

Ukutani kwanza, subiri taa ya kijani, alafu kwenye gari. Kuchomoa ni kinyume: bonyeza kitufe cha kichwa cha gari, kitoe, ndo uende ukutani. Ukianza kuchomoa ukutani wakati inavuta inapiga cheche na kuila soketi ya watu.

Baada ya nusu saa rudi, weka mgongo wa mkono kwenye plagi. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uutoe mkono, zima, punguza ampea au achana nayo. Rudi tena baada ya saa nzima kabla hujalala. Radi zikianza, chomoa hata kama haijajaa.

Kichwa cha Taipu 1 mtu yeyote anaweza kukichomoa ila vingi vina kitundu kwenye ile klipu, pitisha kufuli dogo hapo. Taipu 2 gari inaing'ang'ania mwenyewe ukilock milango.

Hatua ya 6: Ukikuta kituo chenyewe cha kuchajia

Ukifika sehemu yenye mashine kamili, Dar au hata nje ya nchi, usidanganyike na namba kubwa. Mashine ya kilowati 22 kwa gari inayopokea 3.7 itakupa 3.7 tu. Kwahiyo wakitoza kwa dakika unaumia, tafuta wanaotoza kwa uniti. Mashine nyingi za AC, yaani za umeme wa kawaida, ni Taipu 2, gari ya Japan unatumia adapta ya Taipu 2 kwenda Taipu 1, ni ya moja kwa moja haina shida. Ya kuchaji haraka ni habari nyingine, CHAdeMO na CCS2 (aina nyingine ya tundu la kuchaji haraka, ya gari za Ulaya) haziingiliani kwa kiadapta cha bei rahisi, kama mashine ina CCS2 peke yake achana nayo.

Outlander kwenye CHAdeMO inafika asilimia 80 kwa karibu nusu saa, baada ya hapo inapungua kasi sana. Toka kwenye 80. Na akija mwenye gari ya umeme mtupu mpishe, yeye hana tenki.

Hatua ya 7: Jaza kulingana na mlima ulio mbele

Hii haiandikwi kwenye vitabu vya gari maana walioviandika hawapiti Inyala. Plagini ikishuka mlima inarudisha umeme kwenye betri na wakati huohuo inakushikilia, breki zako zinapumzika. Betri ikiwa imejaa haina pa kuuweka, ule ushikaji unapungua na mzigo wote unarudi kwenye breki za kawaida. Sasa mtu analala Uyole, anajaza mia kwa mia, asubuhi anaelekea Makambako na muda mfupi tu yuko kwenye mteremko wa Inyala nyuma ya malori, hicho ndo kitu sitaki kukiona. Ukilala Uyole na unaelekea upande huo, simamisha kwenye 80.

Ukitoka upande wa Igurusi unapanda kuja Mbeya ni kinyume, bonyeza Save (kitufe cha kutunza betri) tangu tambarare ya Chimala ubaki na umeme wa kupandia, injini ikiachiwa mlima mrefu peke yake betri ikiwa sifuri inalia na inakula mafuta vibaya.

Kwa Kitonga, ukitoka Iringa umejaza, tumia EV (umeme mtupu) palepale mwanzoni, una umbali wa kutosha kuipa betri nafasi kabla hujaanza kushuka. Usiibane na Save ukafika juu ya Kitonga na betri nzima. Njia ya Tukuyu inajisawazisha yenyewe, kutoka Uyole unapanda kwanza mpaka Isyonje, betri inatumika hapo, na ukianza kushukia Kiwira tayari ina nafasi. Shuka na gia ya B, ile inayoongeza ushikaji, Outlander ongeza kwa zile padeli za nyuma ya usukani mpaka B5, na uache umbali na gari ya mbele.